Nyuma ina upepo, lakini bado inakaa mkia chini: kutafuta kosa kwenye mifuko ya ekseli ya motahomu

Nilipoinunua motahomu yangu, gari lenye nyumba ya kulala na kupikia, hapa Uingereza, mwenye kuniuzia hakujisifia jiko wala kitanda. Aliinama, akaonyesha chini ya mkia, akasema: "Nyuma ina upepo." Nami niliyekulia Mombasa, nikiona mafundi wakiongezea matatu vyuma vya springi ili zibebe zaidi, nikadhani nimepata dawa ya kila kitu. Miaka imepita. Sasa wenzangu wachache tuliopatwa na wazimu huu wa kutembea na nyumba mgongoni kama konokono hunipigia simu kila gari linapoinamia upande, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, pamoja na njia ninayofuata kumtafuta mkosaji.

Tuelewane kwanza ni kitu gani. Fiat Ducato, ambayo imebeba motahomu nyingi sana za Ulaya, nyuma ina ekseli iliyonyooka na springi bapa kila upande. Juu ya ekseli kuna raba nene ya kuzuia chasisi isigonge chuma gari linapozama shimoni. Shida ni kwamba motahomu hubeba mzigo wake usiku na mchana, hata imeegeshwa, kwa hiyo springi hukaa imeinama na chasisi huikaribia ile raba. Kifaa cha upepo kinaondoa raba na kuweka mfuko wa mpira mahali pake. Springi inabaki na inaendelea kubeba sehemu kubwa. Mfuko unasaidia tu. Wako wenye mfumo kamili usio na springi, wenye kompyuta na vihisio vya kimo. Huo ukikorofisha unahitaji mashine ya kusomea makosa, na mengi ya hapa hayatautosha. Mwenye chasisi ya Al-Ko naye hana springi bapa, ana vyuma vinavyojisokota ndani ya bomba la ekseli. Vifaa vyake ni vingine kabisa, na kwake mkoromo wa nyuma mara nyingi ni grisi iliyokauka, kama ekseli ni ya aina yenye nipo, yaani vitundu vya kutilia grisi.

Halafu usalama, nitausema mara moja tu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki au na upepo peke yake. Paipu ikichomoka, chasisi inashuka kabla hujamaliza kutamka bismillahi. Weka stendi za chuma chini ya chasisi, au panda kwenye shimo la gereji.

Kabla ya kulaumu upepo, nenda mizani

Anayenipigia simu akisema "nyuma inalala", humuuliza ekseli ya nyuma ina kilo ngapi. Tisa kati ya kumi hawajui. Wanajua uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, ule wa gari tupu, kabla ya maji, gesi, mashuka, mbwa na masufuria ya shemeji.

Fungua mlango au boneti utafute bamba la uzito. Lina namba nne: ya kwanza ni uzito wote unaoruhusiwa, ya pili ni pamoja na trela, ya tatu ekseli ya mbele, ya nne ekseli ya nyuma. Ukikuta mabamba mawili, la kiwanda cha gari na la aliyejenga nyumba juu yake, fuata lile la mjenzi. Kwenye Ducato ya chasisi nyepesi ya kilo 3,500, ekseli ya nyuma kwa kawaida imeandikiwa kilo 2,000. Kwenye chasisi nzito ni 2,400. Sasa pakia gari kama siku ya safari, jaza maji, mketishe kila mtu kitini, uende kwenye mizani ya umma. Pima ekseli ya mbele, pima ya nyuma, pima gari zima. Mizani ikiruhusu kupima kushoto na kulia, shukuru Mungu na upime.

Hapa ndipo watu hushangaa. Chukua baiskeli mbili za umeme na fremu ya kuzibebea, jumla kilo 65, zimening'inia mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Umbali kati ya ekseli mbili uwe mita 4. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 65. Inaongezewa 65 mara 6 gawanya kwa 4, yaani kama 97, na zile 32 zilizozidi zinatoka mbele, kwa sababu mkia unafanya kazi kama mti wa kupandishia maji kisimani. Kila ulichopakia nyuma ya tairi za nyuma kinazidi uzito wake halisi. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100. Likiwa juu ya ekseli halidhuru sana, likiwa mkiani ni habari nyingine.

Ukizidisha kilo zilizoandikwa kwenye bamba, upepo hautakuokoa. Utainua mkia, gari litaonekana limekaa sawa, na ekseli, tairi, beringi na breki zitaendelea kubeba uzito ule ule. Kumwinua punda mkia hakupunguzi magunia. Zipo njia halali za kuongezewa namba kwenye bamba, na mifuko ya upepo inaweza kuwa sehemu ya kazi hiyo, lakini lazima iandikwe rasmi. Kumbuka na leseni yako: hapa Uingereza waliofaulu mtihani wa gari tangu tarehe 1 Januari 1997 leseni yao ya kawaida inaishia kilo 3,500. Kuna jamaa aliongezewa bamba akafurahi, mpaka mkewe alipomuuliza sasa nani ataendesha.

Uzito ukiwa ndani ya mipaka, endelea kusoma.

Asubuhi upande mmoja umelala

Hili ndilo linaloongoza. Umelala vizuri, unaamka, chai inamwagikia upande wa kushoto. Kwenye paneli ya upepo ndani ya kabini, geji moja inasoma bar 3, nyingine inasoma bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa).

Usikimbilie kununua mfuko. Kwanza toa hesabu ya baridi. Upepo uliojazwa hadi bar 3 mchana wa nyuzi 20 utasoma karibu 2.7 kukiwa nyuzi sifuri alfajiri, bila tundu lolote. Hilo ni umbile la hewa, na pande zote mbili zitashuka kwa kiasi kile kile. Upande mmoja ukishuka kuliko mwenzake, hapo kuna mahali panapotoa.

Kipimo changu ni cha uvivu. Jioni najaza pande zote mbili bar 4, naandika saa na joto kwenye karatasi, naacha gari usiku kucha bila kuligusa. Asubuhi nasoma. Upande uliopoteza bar 1 au zaidi ni mgonjwa. Kisha nabadilishana paipu za kushoto na kulia nyuma ya paneli ya geji, najaza tena, nasubiri usiku mwingine. Tatizo likihamia geji ya pili, linatoka chini: paipu au mfuko. Likibaki kwenye geji ile ile, umebakiwa na paneli, swichi yake au geji yenyewe. Usiku mbili, pesa sifuri, na umekata nusu ya gari kwenye orodha ya washukiwa.

Baada ya hapo ni sabuni. Changanya sabuni ya vyombo na maji kidogo, iwe nzito, upake kwa brashi upepo ukiwa juu, bar 4 au 5 kama kifaa chako kinaruhusu. Usinyunyize na kuondoka, kaa hapo. Tundu dogo hutoa povu jeupe laini linalokua polepole kama la sufuria ya wali, si mapovu makubwa. Mahali ninapoanzia ni kwenye kiungo cha kusukuma, pale paipu ya plastiki inapoingia kwenye mfuko. Nusu ya makosa niliyoyaona yalikuwa hapo. Aliyefunga alikata paipu kwa koleo, ikakatika kimshazari, au akaikunja karibu mno na kiungo hivyo inavuta upande mmoja, na raba ndogo ya ndani haikamati sawasawa. Toa upepo wote, bonyeza kola ya kiungo, chomoa, kata sentimita 2 kwa wembe mkali, mkato uwe mraba, sukuma tena mpaka uhisi imegota mara ya pili. Watu wengi huishia kwenye mgoto wa kwanza.

Kiungo kikiwa salama, paka sabuni kwenye vali za kujazia, zile kama za tairi. Moyo wa vali, kile kijipini cha ndani, ukilegea unaukaza kwa kifaa cha shilingi chache. Nenda kwenye paipu yenyewe, hasa inapopita karibu na ekzosi au inaposuguana na ukingo wa chasisi. Nenda nyuma ya paneli ndani ya kabini. Hapo sabuni usitumie nyingi kwa sababu ya nyaya, zima redio na feni usiku mtulivu, tega sikio. Mfuko wenyewe uuache mwisho. Angalia mikunjo ya chini, mahali mchanga na chumvi ya barabara za majira ya baridi hujikusanya na kusaga mpira kila gari linapopumua. Nyufa nyembamba za juu juu ni uzee. Ufa unaoonyesha nyuzi za ndani ni kifo.

Fundi wa nyumbani ataniambia: solusheni na kiraka. Hapana. Huu si tyubu ya baiskeli. Unakunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara kwa safari moja, na kiraka kitabanduka ukiwa kwenye barabara kuu na lori ubavuni. Badilisha, na ukibadilisha mmoja uliokufa kwa uzee, mwenzake ni pacha wake.

Ukiwa njiani na mfuko umeisha, usiendeshe ukiwa tupu kabisa. Raba ya zamani imeshatolewa, na kwenye vifaa vingi mfuko mtupu hubanwa kati ya vyuma na kujikata wenyewe. Ndiyo maana vifaa hivi vina kiwango cha chini, mara nyingi karibu bar 0.5, na cha juu ambacho kwa vingi ni bar 7. Soma chako kwenye kibandiko. Jaza kwa vali hata kwa pampu ya baiskeli, mfuko ni mdogo, hauli hewa nyingi. Kwenye kituo cha mafuta jaza kwa mipigo mifupi, maana pampu yao inapandisha haraka kuliko unavyosoma. Simama baada ya kila nusu saa uangalie. Polepole, nenda nyumbani.

Pande zote mbili zinashuka sawa sawa

Kama si baridi, tafuta kinachoshirikiwa. Gari lenye tangi la akiba la hewa lina vali ya kuzuia hewa isirudi kwenye kompresa, ile pampu ya umeme ya kujaza hewa. Uchafu ukiingia hapo, mfumo mzima unavuja kwa kurudi nyuma. Kompresa inayojiwasha yenyewe kila baada ya muda mfupi huku umeegesha ndiyo kilio cha vali hiyo, au cha tundu lingine lolote baada yake. Au mifuko yako imeunganishwa kwa kiungo cha njia tatu, na hilo lina sura yake mwenyewe hapa chini.

Gari linayumba

Hiki ndicho kisa changu. Safari ya kwanza ya mbali, kila lori liliponipita, gari lilivutwa, likasukumwa, kisha likaendelea kucheza lenyewe kama dau lililopitiwa na boti kubwa. Kwenye mizunguko lililala upande na kuchukua muda kuinuka. Nikaongeza upepo. Likawa gumu zaidi na bado linalala. Nikanunua shokomzoba mpya, wengine huziita shokapu, zote mbili za nyuma. Nafuu kidogo, basi.

Ilinichukua miezi kuinama na taa nikifuata paipu kwa kidole. Aliyenifungia, ambaye simtaji, aliweka paipu moja kutoka kwenye paneli, kisha kiungo cha njia tatu chini, kimoja kushoto, kimoja kulia. Inaokoa geji moja na mita kadhaa za paipu. Ila fikiria kinachotokea kwenye kona. Gari likiegemea kulia, mfuko wa kulia unabanwa, hewa yake inakimbilia kushoto, mfuko wa kushoto unavimba na kuinua upande wake. Yaani badala ya kupinga mlalo, mifuko inausaidia. Kila mfuko lazima uwe na hewa yake isiyochanganyika na ya mwenzake.

Kujua kama gari lako limefungwa hivyo ni dakika moja. Kama una vali mbili, jaza pande zote bar 3, toa hewa upande mmoja tu. Geji ya pili ikifuata kushuka, wameunganishwa. Kama una vali moja na geji moja, huna haja ya kupima, ndivyo ulivyo. Dawa ni kutenganisha: paipu mbili, vali mbili, geji mbili. Siku niliyotenganisha, gari lilikuwa lingine, na zile shokomzoba mpya nikazisamehe bei yake.

Ukishatenganisha utagundua kingine: kushoto na kulia hazihitaji kiasi sawa. Jokofu, jiko na tangi la maji vikikaa upande mmoja, upande huo unataka hewa zaidi. Egesha sakafu iliyo sawa, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kila upande, na urekebishe mpaka vipimo vikaribiane. Tofauti ya nusu bar ni ya kawaida. Tofauti ya bar 2 inamaanisha panga upya makabati, au kuna springi iliyochoka.

Kama mifuko imetengana na bado unayumba, angalia tairi kabla ya kitu kingine. Tairi zenye alama ya CP zimetengenezwa kwa motahomu, na kwa ekseli ya nyuma yenye tairi moja kila upande kiwango kinachotajwa kwa kawaida ni bar 5.5. Nimekuta gari lenye 3.8 nyuma, mwenyewe anasema alifuata gari lake dogo. Halafu shokomzoba: mafuta yakitiririka juu yake, imekufa. Halafu mzigo wa juu: boksi la darini lenye viti na meza za nje linavuta gari kila upepo unapovuma, na mifuko haina la kufanya.

Tairi za mbele zinateleza kwenye nyasi, usukani mwepesi

Ducato inavutwa na magurudumu ya mbele. Mkia ukielemewa, mbele inapunguka, ndiyo zile kilo 32 za baiskeli. Watu huongeza upepo nyuma wakiamini uzito utarudi mbele. Haurudi. Kuinua mkia sentimita 5 kunageuza pembe ya gari, hakuhamishi mzigo kwa kiasi cha kuhisi. Kinachorudisha uzito mbele ni kutoa vitu mkiani: hamisha mvinyo, vifaa na betri za akiba kuja karibu na katikati, acha fremu ya pikipiki nyumbani. Hili nimelirudia kwa mzee mmoja mara tatu, kila mara akinijibu, "Lakini kijana, mbona sasa limekaa sawa?" Limekaa sawa, mzee wangu, kwa macho.

Kila shimo ni nyundo

Ama upepo umezidi, ama umepungua, na mgongo wako hautakwambia ni upi. Umezidi: mfuko mgumu kama jiwe, gari linaruka kwenye vibonde vidogo, vyombo vinalia hata barabara nzuri. Umepungua: barabara nzuri ni raha, lakini kwenye tuta kunakuja pigo moja zito kutoka chini.

Kama fimbo ya shokomzoba yako iko wazi, funga kijikamba cha plastiki cha kubania nyaya kuizunguka, kisukume chini kabisa mpaka kwenye mwili wake, uendeshe maili kumi. Kitabaki mahali ekseli ilipofika mbali zaidi. Kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, unagota: ongeza hewa. Kikiwa hakijasogea sana, punguza. Badilisha bar 0.3 kwa mara moja, si zaidi, na uandike. Mimi huanza na bar 2 gari likiwa limepakiwa. Sijawahi kukutana na Ducato yenye springi nzima na mzigo halali iliyohitaji 5.

Kompresa haisemi, au inasema bila kufanya kazi

Wenye kompresa ndani ya gari, hapa mnajikuta na umeme. Ikiwa kimya kabisa: fyuzi, kisha waya wa hasi unaofungwa kwenye chasisi. Waya ule ndio mkosaji mkuu, kwa sababu unakaa chini, chumvi ya barabara inaula, bolti inaonekana nzima na chini yake kuna kutu tupu. Pima volti pale nyaya zinapoingia kwenye kompresa yenyewe, mtu mwingine akiwa amebonyeza kitufe. Betri ikisoma 12.6 na kompresa inapata 10, umeme unapotelea njiani. Kwangua hadi chuma king'ae, paka grisi, funga upya.

Inanguruma lakini geji haipandi: chomoa paipu inayotoka kwenye kompresa uweke kidole. Ikikusukuma kidole kwa nguvu, kompresa nzima, tundu ni mbele. Isiposukuma, safisha kichujio cha kuvutia hewa. Kikiwa safi na bado, pistoni imechoka. Ikifanya kazi dakika chache ikazima na kurudi baada ya robo saa, inajilinda na joto. Haikuumbwa kujaza tairi nne za familia nzima.

Na maji. Hewa ikibanwa inatoa unyevu, unyevu unakaa kwenye paipu sehemu ya chini kabisa. Kwa aliyetoka Pwani hili halina maana mpaka Januari ya kwanza Skotlandi, maji yale yanapoganda na geji kusoma bar 6 huku mfuko ukiwa mtupu. Kabla ya majira ya baridi chomoa paipu kwenye mifuko, pulizia hewa mpaka kusiwe na mvuke, rudisha, uache mifuko na kiasi chake cha chini. Usimimine dizeli wala spiriti humo. Nimeyaona matokeo kwenye raba za viungo: zilivimba kama maandazi.

Breki za nyuma zimelegea tangu mifuko ifungwe

Hili lisome mara mbili kama gari lako ni la zamani, la kabla ya breki kugawanywa na kompyuta. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali ndogo yenye mkono au springi nyembamba iliyofungwa kwenye ekseli. Inapima umbali kati ya chasisi na ekseli. Chasisi ikiwa chini, vali inajua mzigo ni mzito, inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Chasisi ikiwa juu, inadhani gari ni tupu, inazibana breki za nyuma ili tairi zisisimame ghafla.

Sasa wewe umejaza upepo, umeinua chasisi, na gari bado lina kilo 1,950 nyuma. Vali inasema tupu. Unapokanyaga, pua inazama, breki za mbele zinafanya kazi yote, na umbali wa kusimama unarefuka. Hakuna taa itakayowaka kwenye dashibodi kukuonya. Kifaa kizuri huja na bano au springi mbadala ya vali hiyo, na mara nyingi aliyefunga huiacha kwenye boksi. Mpelekee fundi wa breki mwenye mashine ya magurudumu ya kupimia breki, ukiwa umepakia na upepo ukiwa kwenye kiasi chako cha kawaida, aipange hapo hapo. Ukibadilisha kiasi cha upepo sana baadaye, umeivuruga tena.

Ukiwa chini huko, angalia paipu za breki za mpira na kebo ya hendibreki. Gari lililoinuliwa linazivuta.

Taa, na milio

Wanaokuja mbele wakikuwashia taa, mkia wako uko chini na taa zako zinatazama ndege. Ukiwa huoni mbali, umejaza sana. Panga upepo kwanza, kisha gurudumu dogo la taa kwenye dashibodi, kisha kama bado, fundi. Kilio cha kusugua kila unapopita tuta ni mfuko unaogusa kitu. Tafuta mahali palipong'aa. Mlio wa chuma kwa chuma ni bolti za bano, zikaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya kifaa.

Mkia unakwangua kwenye kivuko

Aliyewahi kupanda feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa anajua ninachosema: mteremko mkali, kisha mdomo wa chuma, kisha sauti ya bampa. Vivuko vidogo vya visiwa vya Skotlandi ni hivyo hivyo, na motahomu yenye mkia mrefu hukwangua bomba la maji machafu kwanza, jambo ambalo hutaki kulieleza kwa wahudumu wa feri.

Hapa upepo unajilipa. Foleni ikianza kusogea, pandisha pande zote mbili karibu na kiwango cha juu cha kifaa, panda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kimshazari kama wakikuruhusu. Kama bado unagusa, pima urefu wa mabano. Huenda aliyefunga aliweka mafupi. Usitumie mbinu hii kusawazisha gari kambini upate usingizi. Kwa hilo kuna vipande vya plastiki vya kupanda tairi, na mfuko uliojazwa bar 7 upande mmoja usiku kucha utakuamsha kwa mlio wake.

Ukishuka ng'ambo, rudisha hewa kabla ya kuingia barabara kuu, maana gari lililoinuliwa namna ile linaruka na breki zake zimedanganywa. Mimi nilisahau mara moja, nikaendesha maili arobaini nikijiuliza nani kabadilisha barabara. Tangu hapo kuna kipande cha karatasi kimebandikwa juu ya geji zangu: kushoto 2.4, kulia 2.9, tanki limejaa.